Kahawa ya Waonjaji Imekaangwa kwa Samli

Mpendwa mshauri Roseline, naomba msaada, lakini kabla ya msaada niruhusu nitoe tangazo. Wakazi wote wa Jericho hapa Nairobi, pamoja na jirani zetu wa Lumumba, wanaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, katika nyumba ya jirani yangu Mama Sabrin, kahawa ililiwa. Sikusema ilinywewa. Ililiwa kwa vidole, na sahani ikapanguswa. Hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa mimi ninayeandika.

Mimi ni dereva wa lori Eneo la Viwanda, umri umesogea, kitambi kimetangulia, na mke wangu Wanza husema akili ndiyo iliyobaki stejini. Kwetu ni Kangundo, na mama yangu ni mwanachama wa chama cha ushirika cha wakulima wadogo wa kahawa, na mwezi uliopita akanipigia simu akasema, Mutie, nakutumia mifuko miwili ya kahawa kwa basi, mmoja ni wa wale waonjaji walio karibu na kazini kwako, wanaotafutia wanunuzi wa ng'ambo kahawa ya kiwango cha juu, na mmoja ni zawadi ya yule jirani yako Msomali aliyekuomba, kisha akakata simu kwa sababu mbuzi alikuwa ameingia kwenye maharagwe. Sikuuliza upi ni wa nani. Mshauri, nani angeuliza?

Nilipofungua, mfuko mmoja ulikuwa na kahawa iliyomenywa na kuoshwa, imekauka na ile ngozi yake nyembamba nyeupe, safi kama meno ya mtoto, na mwingine ulikuwa na mbuni. Msomaji wa mjini asidhani nasema yule ndege. Mbuni kwetu ni kahawa iliyokaushwa nzima nzima na ganda lake, nyeusi kama kinyesi cha mbuzi, na tangu nikiwa mdogo mbuni ni masazo, ni ile inayookotwa chini ya mti, ni ile unayouza ukiwa umeshindwa kuuza nyingine. Na Mama Sabrin alikuwa ameniambia waziwazi, “Baba Kamene, mimi nataka ile yenye ganda, tunaikaanga kwa samli tukiomba dua, hapa Nairobi naitafuta mpaka nachoka.” Basi nikaona Mungu mwenyewe amepanga mifuko. Ile nyeupe nikaipeleka kwa waonjaji nikiwa nimevaa shati la Jumapili, na ile mbuni nikampa Mama Sabrin, akaikaanga kwa dua ya kumpokea mjukuu, nyumba ikajaa harufu mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza kunani, na mjomba wake, Mzee Abukar kutoka Garissa, akatafuna punje moja akafumba macho akasema, “Hii ina asali ndani. Nani amelima hii?” Wakajipaka samli iliyobaki mikononi na kichwani, wakaniombea mimi na mama yangu kwa jina. Binti yangu Kamene aliposikia mbuni amekaangwa aliuliza, “Baba, na manyoya yake?” Tulicheka sana. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho.

Jumatatu yake waonjaji wakanipigia. “Bwana Mutie, hii kahawa uliyoleta ni ya msimu uliopita, ina ladha ya gunia. Na chama chenu kilituahidi mbuni. Mbuni iko wapi?” Ndipo nikajifunza, nikiwa nimeegemea gurudumu la lori, kwamba siku hizi kuna watu wanaolipa vizuri kwa mbuni iliyotengenezwa kwa adabu, na kwamba akina mama wa chama walikuwa wamechuma matunda mekundu tu, wakayatandaza kwenye meza za kukaushia, wakayageuza kwa mikono kutwa kucha, wakayafunika jua likizidi, wakafukuza kuku. Mbuni yao yote ilikuwa kwenye ule mfuko. Ile nyeupe ilikuwa imekaa chini ya kitanda cha mama tangu mwaka jana, ikingoja jirani, maana sikuwa nimemwambia mama kwamba jirani anataka yenye ganda.

Sijamaliza kushusha pumzi, simu ya mama ikaingia. “Nimekuweka kwa sauti kubwa, niko na wenzangu wote hapa kiwandani. Waonjaji wamesemaje?” Mshauri, mdomo wangu haunitii. Nilisema, “Wameipenda! Mzee mmoja alifumba macho kabisa, akasema ina asali ndani!” Nikasikia vigelegele. Kila neno lilikuwa la kweli, ila mzee ndiye hakuwa wa waonjaji.

Jumapili mama akatangaza kanisani. Na sasa chama kina mkutano Ijumaa ya wiki ijayo, wanataka kupitisha kwamba mavuno yote makubwa ya mwaka huu yasimenywe, yakaushwe kuwa mbuni. Waonjaji wakiikataa, mbuni haina mlango mwingine, itauzwa kama masazo, na familia nyingi zinategemea hayo mavuno. Rafiki yangu Munyao, tukiwa kwenye soko la nyama la Burma tukitafuna mbavu, alisema, “Wewe tafuta mbuni yoyote sokoni uwapelekee, nani atajua?” Wanza naye anasema niseme ukweli, lakini mama yangu ana miaka sabini na kitu, ameshatangaza mbele ya mchungaji, nikisema nitamvua nguo hadharani. Nimlinde mama au niseme? Usingizi umenihama.

Ni mimi,
Mutie, Jericho

JIBU LA MSHAURI ROSELINE

Ndugu Mutie,

Nilicheka mpaka wa ofisi ya pili akaja kuangalia kama ni mimi. Nilipofika kwenye vigelegele niliacha.

Tuanze na lililo jepesi. Kosa la mifuko nakusamehe, na nadhani hata mama yako atakusamehe. Mtu aliyekulia Kangundo ukimwonyesha nyeupe na nyeusi umwambie achague ya wageni wa heshima, atachagua nyeupe. Ulitumia akili uliyolelewa nayo. Mama Sabrin naye hana hatia hata chembe, na nikisikia umemwendea na uso wa lawama nitakuja Jericho mwenyewe. Uligawa, akapokea, akakuombea dua. Dua hairudishwi dukani.

Sasa lile zito. Unaniambia eti unataka kumlinda mama. Ndugu yangu, mama hujamlinda, umempa kipaza sauti atangaze uongo ambao hajui ni uongo. Leo aibu ni ya mfuko mmoja. Ukingoja Ijumaa ipite, aibu itakuwa ya mashamba ya watu, na kila atakayepita mbele ya nyumba ya mama yako atakumbuka kanisa lile. Hapo ndipo atakapovuliwa nguo, na aliyemvua utakuwa wewe, na shati lako la Jumapili.

Munyao arudi kwenye mbavu zake. Mbuni ya sokoni ikisifiwa, akina mama wale watahukumiwa kwa kahawa ya mtu mwingine. Ikikataliwa, vivyo hivyo. Hapo hakuna unalookoa.

Najua unaogopa, na mwoga anayempenda mama yake ni mwoga wa kusaidika. Kwa hiyo sikiliza. Omba ruhusa kazini, nenda Kangundo Alhamisi. Usipige simu, simu ndiyo iliyokuponza. Mwambie mama kwanza, mkiwa wawili, jikoni kwake, asije akasikia mara ya kwanza mbele ya watu. Ijumaa simama wewe mkutanoni, usimsukume yeye mbele. Maneno yawe machache, na lililo kubwa walisikie kabla hawajanyoosha mikono: waonjaji hawajaonja mbuni yao. Sifa za Mzee Abukar ziweke mfukoni. Ukizitoa mapema zitakuwa utetezi. Wakikuuliza, jibu. Wakikutukana, kaa chini uendelee kutukanwa.

Barua yako naizuia isichapishwe hadi utakaponiandikia yaliyotokea. Na ulimi wako naujua sasa, kwa hiyo uandike bila asali.

BARUA YA PILI

Mshauri Roseline, haya ndiyo yaliyotokea.

Alhamisi sikumwambia. Nilifika nikakuta amenichinjia kuku, na mtu hawezi kuungama na paja mdomoni. Nilimwambia Ijumaa asubuhi, akiwa anafunga kitambaa cha kichwa kwenda mkutanoni. Nilisema yote, mifuko, samli, na kwamba mzee aliyefumba macho alikuwa mjomba wa jirani. Mama alifungua kile kitambaa, akakifunga upya, akasema, “Twende.”

Kiwandani nilisimama mbele ya zile meza za kukaushia. Nikasema waonjaji hawajaonja mbuni yenu, waliambiwa itakuja haikuja, niliigawa mimi kwa kutojua, na nikawadanganya nikiwa najua. Ndindi, mwenyekiti wa akina mama, ana sauti inayosikika mpaka bondeni.

“Mutie, mikono yetu imepasuka kwa kugeuza hiyo kahawa. Na nyinyi mkaitia samli?”

“Na iliki kidogo,” nikasema. Mungu anisamehe.

Mtu wa nyuma akacheka, wengine wakafuata. Mama hakucheka. Alisimama, akasema, “Niliyetangaza kanisani ni mimi. Jumapili nitasimama tena, na huyu atakuwa kando yangu.” Nilitaka kumwambia aniachie mimi, nikaona jicho lake, nikarudi kukaa.

Waliamua mavuno yamenywe kama kawaida, isipokuwa meza moja itakayokaushwa mbuni, na mfuko wa waonjaji utapelekwa na Ndindi mwenyewe. Mimi nimeruhusiwa kuubeba mpaka kwenye basi, hapo niuachie. Jumapili tulisimama kanisani. Mchungaji alishukuru, nadhani kwa ufupi wa maneno yangu. Kuna wazee wawili ambao hawajanisalimia tangu siku hiyo, na sitadai salamu.

Je, ile mbuni ilikuwa nzuri kweli? Hilo hakuna atakayelijua. Kahawa iliyoliwa haionjwi tena, na sifa za watu walioshiba kwenye dua hazina alama za kumpelekea mnunuzi.

Jumapili hiyo jioni, kabla sijarudi Nairobi, mama aliniita jikoni. Alikuwa bado hajanisamehe sawasawa, naujua mgongo wake. Aliinjika sufuria, akauliza bila kugeuka, “Hivi, ilikuwa na ladha gani?”

Mshauri, mama yangu amechuma kahawa tangu kabla sijazaliwa. Haijawahi kupita kinywani mwake. Kwetu kahawa huchumwa, hupelekwa kiwandani, huondoka. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia habari za mtoto aliyeolewa mbali.

Asali ilinijia ulimini, na macho ya kufumba, vyote vilikuwa tayari. Lakini vilikuwa vya Mzee Abukar.

“Sijui, mwaitu,” nikamjibu mama. “Waliniletea kwenye kisahani, nikasema nitaonja baadaye. Mimi nilikunywa chai.”

“Basi tuko wawili,” mama akasema, akatia majani ya chai kwenye sufuria.