Hatua Zilizotoka Ziwani

Lipingo, Nyasa

Kaka Shabani,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako uliyemzoea kwa kelele, ambaye leo amekaa chini na kuandika kama watu wa zamani. Mama hajambo? Goti lake linaendeleaje tangu mvua zianze? Mwambie zile dawa asimgawie jirani, kila goti na dawa yake. Na wifi je, bado anatapika asubuhi au ameshaanza kula? Mimi mwili wangu ni mzima kabisa. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mtandao upo, ukipanda kilima cha shule unaupata vizuri tu. Lakini haya sitaki kuyasema kwa sauti nikiwa karibu na ziwa. Ukimaliza kusoma utanielewa, na tafadhali usimsomee Mama.

Nilipokueleza habari za mchezo wetu wa vita ulicheka mpaka simu ikakatika, eti nesi mzima wa zahanati anacheza midoli. Cheka, lakini hukuwahi kuuona. Aliyeuleta ni Mwalimu Kasian, Mmatengo wa Ukata anayefundisha historia hapa, aliyeujua chuoni kwa mkufunzi wake. Tulichukua mlango mbovu tukaulaza juu ya kreti za soda sebuleni kwake, tukautandika kitambaa cha kijani, tukaweka vilima vya udongo. Wanajeshi wana urefu wa kidole, tuliwafinyanga wenyewe kwa udongo wa ufukweni, tukawachoma jikoni, tukawapaka rangi ya kucha na mabaki ya rangi ya mitumbwi. Ni majeshi ya kale. Kasian ana Warumi. Mimi nina Wakartago wenye tembo, na mikonga yao haiishi kukatika. Waajemi walikuwa wa Aidani.

Aidani alikuwa mvuvi, mtu mpole mwenye mikono ya kushona nyavu. Mikuki yote pale mezani aliichonga yeye kwa mifupa ya samaki aitwaye mbasa. Kamba ya kupimia mwendo aliitengeneza yeye pia, kwa uzi wa wavu wenye mafundo: askari wa miguu anakwenda fundo moja, farasi mafundo mawili. Majeshi yakikutana, dadu ndiyo inayoamua nani aanguke, na jemadari akianguka vita vimekwisha. Hakuna aliyewahi kumshinda Aidani. Nilimchukia kwa hilo kila Jumamosi mchana, na jioni nilikula samaki wake.

Kazi zetu zinagongana. Mimi nina zamu, Kasian ana mitihani, Aidani alikuwa na ziwa lake. Kwa hiyo tuliweka utaratibu wa kuagiza hatua. Usipoweza kuja unamtuma mtu yeyote, anafika mezani na kusema, fulani anasema askari wake waende mahali fulani. Sheria ya Kasian ni kwamba mjumbe anafikisha neno kama alivyopewa, haongezi wala hapunguzi, na hakuna wa kugusa askari wa mwenzake bila agizo. Kasian ni mkali kwenye hilo kuliko hakimu.

Sasa nisikilize. Siku moja Aidani alikwenda kutega nyavu peke yake, kwa sababu mwenzake alikuwa na homa. Homa yenyewe niliitibu mimi. Asubuhi mtumbwi ulionekana umetulia mbali na ufukwe, nyavu zimekunjwa vizuri, taa inawaka juani. Aidani hakuwamo. Watu walitafuta kwa mitumbwi na kwa miguu hadi mikono ikakata tamaa. Mkewe, Hilda, alikaa mlangoni hasemi, hali, hanywi. Nilimpelekea uji, ukapoa mikononi mwake. Na msiba haukuwekwa. Katika ukoo wao mtu aliyepotea majini hatandikiwi mkeka wa matanga mpaka aonekane, au mpaka mkewe mwenyewe aseme amekwisha. Ukimuuliza mama mkwe wake anakujibu, "Bado hajarudi," kama vile kachelewa sokoni.

Wakati huo mimi na Aidani tulikuwa katikati ya vita, na zamu ilikuwa yake. Kasian alifunika meza kwa shuka. Jumamosi ilipofika tulikutana pale kwa mazoea tu, tukae kimya na mwenzetu. Mara tukasikia hodi. Alikuwa Hilda, na upindo wa khanga yake ulikuwa umelowa.

"Aidani anasema," akaanza, hata hakuketi, "farasi wake wa kushoto wasogee mafundo mawili, wapite nyuma ya kilima."

Kasian alinitazama. Hilda hakuwahi kucheza. Alikuwa akituona tumerukwa na akili, na farasi wetu na tembo kwake vyote vilikuwa udongo. Lakini agizo ni agizo. Kasian akaondoa shuka, akachukua kamba, akapima. Farasi walipofika nyuma ya kilima niliona tembo wangu wametenganishwa na jeshi langu lote. Ilikuwa hatua ya Aidani kabisa, ya kimyakimya na ya kuudhi. Nikajifunga ushungi vizuri, Kaka, kana kwamba kuna baridi.

Kisha Hilda akaomba chakula. Alikula ugali na usipa, dagaa wa huku, sahani mbili, akacheka mkonga wa tembo wangu uliokatika. Nikajiambia, mimi nesi, dawa ya huyu ni hii hapa. Akileta hatua, anakula. Basi vita viendelee, hata mwaka mzima. Nikaanza kucheza kwa kurudi nyuma, nikikwepa, nivirefushe.

Jumamosi iliyofuata alikuja khanga imelowa mpaka magotini. Nyingine, mpaka kiunoni. Kila hatua aliyoleta ilikuwa ya kweli, na kila mara alikula vizuri. Mimi nilikuwa naangalia sahani, kumbe nilitakiwa niangalie khanga.

"Hilda," nikamuuliza, "haya maneno unayasikia wapi?"

"Ziwani, dada nesi. Jioni nikisimama majini ananiambia. Ila siku hizi yuko mbali kidogo, inabidi nimsogelee."

Alisema hivyo akijipangusa mafuta ya samaki mdomoni. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nilikuwa nimedhani namlisha mtu, nami ndiye ninayemsindikiza majini hatua kwa hatua. Tulimsihi asirudi huko. Mama mkwe wake alimfungia mlango, yeye akatokea dirishani. Nikamwambia Kasian basi, nasalimu amri, ampe Aidani ushindi wake vita viishe leo hii. Tukamtuma Hilda na neno hilo. Alirudi amelowa mpaka kifuani.

"Anasema hapokei ushindi wa huruma. Anasema cheza."

Kasian aliokota dadu akaniwekea kiganjani. "Basi mshinde," akaniambia. "Mnyaturu, huna njia nyingine."

Nimshinde Aidani! Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira. Ndipo nikakukumbuka wewe na wale mbuzi wetu wabishi, wasiotaka kuingia zizini wakisukumwa. Wewe ulikuwa huwasukumi. Uliacha lango wazi, unajifanya kutazama kwingine, wanaingia wenyewe. Nami nikawarudisha nyuma askari wangu wa katikati, nikaacha pengo pana, tembo nikawaweka pembeni kama niliowasahau. Kasian alidhani nimechanganyikiwa.

Hilda alikuja nywele zikidondosha maji, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimfunika blanketi, mapigo ya moyo wake yalikuwa dhaifu. "Anasema jemadari mwenyewe aingie katikati na watu wake wote," akanong'ona. Kasian alipima kwa kamba. Waajemi wakaingia. Nikawafunga kwa tembo kulia na kushoto, nikarusha dadu, nikarusha tena, na jemadari wa Aidani akaanguka. Kasian akamlaza ubavu kama tunavyofanya siku zote. Nilikuwa nimemshinda Aidani, na sijawahi kujisikia vibaya namna ile.

"Lazima aambiwe," Hilda akasema, akainuka.

Nilimwambia apumzike kwanza, akatoka mbio, likabaki blanketi sakafuni. Tulimkuta ameshafika ufukweni. Sikuweza kumrudisha, ana nguvu za mwanamke aliyezoea kuvuta nyavu, kwa hiyo niliamua kwenda naye. Kasian alinifunga kamba ya mtumbwi kiunoni akabaki nchi kavu ameshika mwisho wake, amekanyaga jiwe. Hebu fikiria, mtu wa Singida na mtu wa milimani Ukata, wote wawili hatujui kuogelea, tumeamua kuokoa mtu ziwani. Siku nyingine ningecheka.

Jua lilikuwa bado lipo. Ziwa lilitulia, hakuna hata wimbi la kulamba mchanga, na milima ya ng'ambo ilionekana yote. Nilimshika Hilda mkono tukaingia mpaka maji yakatufika kifuani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ila chini, miguuni, yalikuwa baridi.

"Aidani," Hilda akaita, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Umeshindwa. Vita vimekwisha."

Tukangoja. Hilda akaanza kutetemeka, halafu kulia. "Mbona leo simsikii? Dada nesi, nimekuja mpaka huku na simsikii. Wewe umesikia? Amesemaje?"

Kaka, nilisikia. Hakikuwa kitu cha masikioni tu, wala haikutoka mbele yetu kulikofunguka ziwa. Ilitoka chini, karibu na magoti yangu, sauti ileile ya upole iliyozoea kuagiza hatua. Ilisema, "Mwambie Hilda aje. Huku pametulia."

Hilda alikuwa ananitazama usoni, amenikamata mkono kwa mikono yake yote miwili. Mjumbe haongezi wala hapunguzi. Nilimwambia, "Amesema amekubali kushindwa. Amesema urudi nyumbani ulale, usimngojee tena."

Alilia kama mtu aliyepewa ruhusa ya kulia. Nikavuta kamba, Kasian naye akavuta kwa nguvu zake zote, tukatoka. Alipofika kwa mama mkwe wake alisema mwenyewe, "Mama, tandika mkeka. Aidani amekwisha." Msiba uliwekwa, watu walikuja, kanisa liliimba. Baadaye dada yake alimchukua akakae naye Mpepai, ambako asubuhi unaona mashamba ya mahindi na ziwa huoni. Nasikia amenenepa. Kasian aliniuliza kama na mimi nilisikia kitu majini, nami nikampa uongo uleule. Aliamini, au aliona heri aamini. Askari wa Aidani ameshawafunga kwenye boksi.

Sasa nimebaki na ujumbe ambao sikuufikisha. Nikichota maji ziwani jioni, nikioga, hata nikiosha vyombo vya zahanati kwenye beseni, anauliza. Hagombi, unamjua mtu mpole alivyo. Anauliza tu kama nimemwambia Hilda. Mimi namwaga maji, najifanya nina haraka. Naogopa, Kaka. Sijapata kuogopa namna hii tangu nizaliwe, na mchana natabasamu na wagonjwa.

Na jana Hilda amenipigia simu kwa furaha. Anasema Mpepai si kwake, amekumbuka nyumba yake, anarudi wiki ijayo. Anasema jambo la kwanza atakalofanya ni kuja kwangu, nimsimulie tena maneno ya mwisho ya Aidani, maana siku ile alikuwa analia na anaona hakuyashika vizuri.

Sitaomba uhamisho. Nikiondoka, atakwenda kuuliza mwenyewe. Nitampokea, nitampikia, nitamkalisha mbali na dirisha la ziwani, na nitamwambia amesema urudi nyumbani ulale, usimngojee tena. Nitayasema neno kwa neno, na akitaka tena nitayasema tena, mpaka tuzeeke wote wawili. Wewe ulikuwa ukinicheka utotoni kwamba sijui kudanganya, macho yananisaliti. Niombee dua, Kaka, niwe mwongo hodari.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie wifi na mzigo wake, Mjomba anayetuchungia mbuzi, na Shangazi wa jirani, huyo anayetumia dawa za Mama. Kama una neno la kunishauri, liandike. Usinipigie.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma