Aliyenipiga Picha Kwenye Maua

Mpendwa Fridah,

Nimechoka kuulizwa nani alinipiga ile picha kwenye maua. Ni Dancan, askari wa lango. Hata kidole chake kimetokea pembeni. Hakuna mwanamke, wala sijanenepa.

Huku Dubai maua huchanua wakati wa baridi. Joto likikaribia, arbab wetu, yaani bosi, anaamuru yang'olewe yote, hata yenye vitumba. Nilitaka tu uyaone kabla ya hapo, nawe ukaanza kutafuta kivuli cha mwanamke.

Basi sikiliza. Kesho nitayang'oa mimi mwenyewe. Kazi yangu ya uaskari iliisha Januari. Sasa mimi ni mtunza bustani. Ile sare ya pichani unayowaonyesha akina mama kanisani inanibana kwa sababu ni ya Dancan.

Mumeo asiye na mwanamke,
Francis