Mguu Wanauita Gek

Hongkong, 9 Agosti 1963

Mdogo wangu Mwanasha,

Nakusalimu wewe na Mama na nyumba nzima ya Munje. Mimi mzima, ila mguu wa kulia. Kamba ya chuma ilikatika melini ikanipiga, na meli imeondoka ikaniacha hospitalini. Wauguzi wanasema Kikantoni tu, na Kiingereza nilikuachia wewe shuleni. Mzee wa kitanda cha pili, jina lake Wong, hunigusa na kunitajia: kichwa tau, mkono sau, tumbo tou, mguu gek. Kuuma ni tung. Jana nikasema "gek tung", wodi nzima ikacheka, lakini dawa ikaletwa. Msomee Mama taratibu.

Kaka yako,
Chande

Munje, 1 Septemba 1963

Shikamoo kaka Chande,

Huku hatujambo, wasiwasi ni wako tu. Mama alipoisikia barua alinilaza mkekani. Kwa kuwa wewe hupo, mimi ndiye wewe: kila baada ya magharibi anaushika mguu wangu wa kulia, anasoma Ayatul Kursi, anapuliza, kisha anasema "gek". Nikamwambia Mungu anajua Kiswahili. Akanijibu, "Mungu namjua. Hao wauguzi ndio siwajui."

Mbeyu wa jirani ameyasikia. Kila asubuhi hunipitia: "Mgonjwa wa Hongkong, umeamkaje?" Naona haya, kaka. Lakini mguu nautoa.

Mdogo wako,
Mwanasha

Hongkong, 4 Oktoba 1963

Mwanasha, marahaba.

Hii isome peke yako. Mguu wameukata, juu ya goti. Ajabu ni kuwa bado unaniuma, palepale ambapo haupo. Nikisema "gek tung" muuguzi hutazama shuka, kisha hutazama pembeni. Mzee Wong hayuko tena, kitanda chake kimetandikwa. Mama nitamwambia mwenyewe nikirudi, anione kwanza nimesimama. Wewe mwambie napona.

Kaka yako,
Chande

Munje, 2 Novemba 1963

Shikamoo kaka,

Natumai hii itakukuta na nafuu. Nimefanya ulivyoniagiza, na sijawahi kuwa mwongo kiasi hiki. Naishika barua yako, macho kwenye karatasi, nasoma maneno yangu. Mama anauliza kama vidole vinacheza. Nasema vinacheza. Kisha ananishika mguu, mkono wake una moto, anauombea mguu ambao umeshatupwa sijui wapi. Mimi nimegeukia ukutani ili asinione uso. Juzi nilimwomba ashike na wa kushoto. Akasema, huo una kosa gani?

Niruhusu nimwambie. Unanijua, shuleni siongei na mtu, na hili limenijaa mpaka kooni.

Mdogo wako,
Mwanasha

Hongkong, 23 Novemba 1963

Mwanasha,

Usimwambie bado. Kidonda kimeharibika, nina homa. Leo wameniuliza wapi panauma, nikaweka mkono kifuani. Wakanipa neno: sam. Ni moyo. Andika upesi.

Chande

Munje, 14 Desemba 1963

Shikamoo kaka,

U hali gani? Bendera yetu ya uhuru imepandishwa, ngoma za Msambweni bado hazijalala. Mama hakwenda, anasema atakwenda siku utakayompeleka wewe. Nimempa lile neno jipya. Sasa anasoma mkono uko kifuani pangu, na sikumwambia kwa nini. Jibu, kaka, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mwanasha

Munje, 20 Februari 1964

Kaka Chande,

Barua yangu ya Desemba imerudi, haikufunguliwa. Hii sina pa kuipeleka, lakini naandika.

Nimemwambia Mama yote. Hakulia. Alikaa kitako, akasema, "Basi siku zote hizi nilikuwa nakuombea wewe."

Kisha akasema, "Kama amekufa, nani amewaambia namna ya kumwosha? Nani amewaambia waanze upande wa kulia?"

Akanilaza mkekani. Akawa ananigusa kiungo kimoja kimoja, kwa mpangilio wa kumwosha maiti, nami nimtajie kwa lugha ya huko, kana kwamba wapo wanaotusikia. Mikono, sau. Kinywa, sina, hukunifundisha. Uso, sina. Kichwa, tau. Mbeyu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, hakucheka.

Tukafika miguuni. Mama akauruka wa kulia, akashika wa kushoto, akaningoja.

"Gek," nikasema.

Mdogo wako,
Mwanasha