Mkanda Chini ya Shati

Dagoretti, 3 Machi 2025

Mwanangu mpenzi Nanjala,

Salamu kwako, kwa mume wako Ochola, na kwa huyo anayekupiga mateke tumboni. Mgongo bado unakusumbua? Mimi sijambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu kuna jambo nimelificha, na kwa simu ungenikatiza kabla sijamaliza. Hiral wa dukani kwa Shantilal, ninakofanya kazi, hupita lango lenu Kitisuru akienda kwake, atakuletea barua hii.

Jana nilipokuja nikakukumbatia, chini ya shati nilikuwa na mkanda wa jeshi. Malengelenge yametoka mgongoni hadi mbavuni, upande wa kushoto, yanachoma kama pasi. Unajua watu wakisikia ugonjwa huo wanavyokutazama, wanaanza kujiuliza ulilala na nani. Daktari alinipima, sina virusi vya UKIMWI. Alisema ni miaka tu, sitini na mitatu. Lakini aibu ilikuwa imeshanishika.

Usijali. Kesho naenda mjini kuchanjwa, halafu nitakuwa safi wa kumbeba mjukuu.

Baba yako.

Kitisuru, 4 Machi

Baba,

Salamu. Mgongo ni ule ule. Nimekasirika sana.

Malengelenge yalikuwa yamefunikwa? Maji yake yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, humpa tetekuwanga, na mimba yangu ni ya miezi minane! Daktari ameniuliza kama niliugua nikiwa mtoto. Sijui. Mama ndiye angejua. Wewe unajua? Nimetolewa damu, nasubiri majibu.

Na chanjo si sabuni, Baba. Haikuoshi. Kazi yake ni kuzuia mkanda usirudi. Usije huku mpaka vidonda vyote vikauke.

Binti yako.

Dagoretti, 5 Machi

Mwanangu,

Umekula? Umepumzika? Nakuomba radhi.

Nilienda kliniki. Muuguzi, Jacklyne, aliinua shati langu akalishusha hapo hapo. "Mzee, pona kwanza. Huu upele uishe kabisa, ndio tuongee mambo ya sindano." Nikamwambia mimi ni karani, nipe tarehe. Akasema hakuna tarehe moja ya watu wote. Wengine hungoja miezi kadhaa, daktari wangu ataamua. Dozi ni mbili, na kati yake ni miezi miwili hadi sita. Nikauliza, kama nimeshaugua, sindano ni ya nini? "Inaweza kurudi, mzee." Nilitembea Biashara Street mwanzo hadi mwisho mara tatu, sijui natafuta nini.

Kuhusu tetekuwanga, sijui. Ulikuwa Bungoma na mama yako, mimi nilikuwa hapa nikiandika stakabadhi za Shantilal. Baba gani hajui jambo kama hilo? Lakini marehemu Peres, mama yako, aliniandikia kila mwezi, nami situpi karatasi. Faili ziko juu ya kabati. Naanza na mwaka uliozaliwa.

Baba.

Kitisuru, 6 Machi

Baba, u hali gani? Umepata? Kila kipele cha joto nikikiona naona ndiyo tetekuwanga. Ochola ameficha kioo. Niandikie hata kama hujapata.

Nanjala wako.

Dagoretti, 7 Machi

Mwanangu,

Nimepata! Agosti 1998. Nakutumia karatasi yenyewe, usome mwandiko wake:

"Baba Nanjala, mtoto ana tetekuwanga mwili mzima. Anakuita wewe, haniiti mimi. Omba ruhusa uje, hata siku mbili."

Juu yake utaona mwandiko wangu: Imepokelewa. Imejibiwa. Nilijibu kwa kutuma dawa ya kupaka kwa basi. Sikuja.

Kwa hiyo uliugua, mwanangu. Nimefurahi, nimelia, na sijui nimelilia lipi. Vidonda bado vina maji. Nitakaa huku.

Baba yako.

Kitisuru, 29 Machi

Baba,

Salamu kutoka kwa watu watatu. Damu ilisema vile vile alivyosema Mama. Juzi nilijifungua msichana, mzima, mwenye masikio yako.

Barua ya Mama nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki kukuita. Ila nina hasira kwa ajili ya yule mtoto, na itaisha polepole, usiiharakishe kama ulivyoharakisha sindano.

Hiral anasema magamba yamedondoka yote. Daktari wangu anasema basi hakuna hatari. Sindano ikipangiwa siku, nitakupeleka mwenyewe, ya kwanza na ya pili.

Lakini hiyo ni baadaye. Mtoto analia, na mimi nimeshika kalamu. Barua hii usiandike juu yake kwamba imejibiwa. Njoo.

Binti yako.