Filta ya Baba

Dada Loretta,

Huku Ohio mahindi yameota vizuri. Kinachonitoa jasho ni gari la baba, lile la supachaja, pampu ya kusukumia hewa kwenye injini. Ukikanyaga mafuta, injini inasita. Jana ilisita lori likitujia, baba akiwa kwenye usukani. Tuliponea chupuchupu.

Nimebadilisha kihisi kinachopima hewa ya injini mara tatu, na kila kipya kinalowa mafuta. Leo nimejua yanakotoka. Nimemkuta baba akiipaka mafuta filta ya hewa, kazi ya mara moja kwa mwaka; mafuta yakizidi, hunyonywa hadi kwenye kihisi.

“Mzee, si ulipaka jana?”

“Acha utani, Wendell. Sijaigusa tangu mwaka jana.”

Miguuni pake kulikuwa na chupa tupu nne za mafuta hayo.

Nimeisafisha filta na kuweka kihisi kipya, na gari sasa linakwenda vizuri. Funguo ziko mfukoni mwangu. Baba anazitafuta tangu mchana, nami namsaidia kuzitafuta.

Njoo, dada.

Mdogo wako,
Wendell