Mchungaji kamfukuza Mavuto

Tadala, nimejifungia chooni, nacheka huku nalia.

Si unamjua Mavuto, mjomba wa mume wangu, aliyekuja Krismasi kukaa wiki moja na mpaka leo yupo? Mchungaji Kamwendo kaja kutuombea. Kafumba macho, kanguruma: "Mavuto, toka nyumba hii."

Alimaanisha mavuto yale ya lugha yetu, yaani shida na magonjwa, sio Mavuto huyu anayekula ugali wetu wa nsima.

Na mimi nikaitika amina. Tadala, niliitika amina tatu.

Mjomba kanawa mikono, kabeba begi lake.

Mchungaji jasho likamtoka. "Hapana, mzee wangu. Mavuto huletwa na Mungu yatufunze. Tuyapokee."

Mjomba kaketi tena. Anasema hatoki mpaka tufunzike.