Dawa ya Kiambi Imo Sufuriani

Timau, 6 Februari 1955

Kwa dada Kanana,

Pokea salamu nyingi kama ukungu wa huko Kibirichia. Mimi ni mzima, mnene, mpishi wa pili wa Bwana mzungu. Mama hajambo? Na kaka yetu Kiambi, bado anagombana na watu wasioonekana?

Acheni kumfunga kamba. Mimi niliyefika darasa la nne nimegundua dawa, nayo imo sufuriani. Kichwa chake huchafuka tumbo likiwa tupu. Mpe uji wa wimbi alfajiri, maharagwe, yai, kisha kitu kidogo kila jua likisogea. Pombe ya miwa asinuse. Miraa mnyang'anye hata akilia.

Mdogo wako, daktari,
Mutugi


Kibirichia, 2 Machi 1955

Mdogo wangu Mutugi,

Hatujambo, ila Mama anakohoa.

Mdomo wako mrefu, lakini safari hii umesema kweli. Wiki mbili Kiambi hajapiga kelele. Jana aliniuliza, "Kanana, hilo jino nililing'oa mimi?" Nikamwambia nilianguka.

Shida ni hii. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kilichozungushiwa miba, wanaume wote wanachimba mtaro nje ya lango hadi jioni. Kutoka na chakula ni marufuku, hata kiazi kimoja. Wanasema ni cha wapiganaji wa msituni. Homgadi Mutegi, askari wa chifu, anapekua kila mtu. Kiambi akishinda njaa, saa nane sauti zinamrudia. Nimwombe chifu ruhusa?

Dada yako,
Kanana


Timau, 13 Machi 1955

Kwa dada mwoga kuliko kuku,

Ukiwa mzima nashukuru, ukiwa mgonjwa meza kwinini.

Ruhusa! Ukiomba ndiyo watamtazama. Mshonee mfuko ndani ya koti, kwapani, utie viazi vinne vya kuchemsha. Ale akijifanya anakwenda haja. Mutegi nilisoma naye, ng'ombe mtupu yule. Na nani atamshika mwendawazimu kwa kiazi?

Nikuchekeshe: dawa sikuisoma popote. Mbwa wa Bwana ana kifafa, memsahibu humlisha kidogo kidogo. Nikasema ikimfaa mbwa, Kiambi je? Usimwambie!

Fanya nilivyosema.

Mdogo wako,
Mutugi


Kibirichia, 9 Aprili 1955

Mutugi,

Sikuulizi hali.

Mfuko niliushona. Siku kumi na moja Kiambi alikula, akachimba, akaimba. Jumatatu Mutegi alimwona akitafuna vichakani, akamwita. Zamani angesimama tu acheke, nao wamemzoea. Lakini siku hiyo akili zake zilikuwa timamu, alijua ana kosa. Akakimbia. Wakampiga risasi mbili za mgongo.

Walimlaza langoni kutwa nzima, viazi juu ya kifua, kijiji kizima kipite kitazame. Mama walimpitisha mara mbili.

Juzi walinichukua mimi. Walitaka kujua nani ananituma kulisha msitu. Nilikana hadi waliponing'oa kucha ya pili. Kisha nikawapa barua yako, ile ya mfuko. Mutegi aliisoma kwa sauti, hata pale ulipomwita ng'ombe. Wameniachilia. Wamesema wiki hii watakuja Timau.

Mama alitaka binamu yetu avuke mbuga leo aje akuambie utoroke, angefika kesho. Nikamwambia atulie, nitakuandikia. Barua hii naitia posta. Unajua inavyozunguka hadi Nanyuki, siku kumi.

Kanana,
dada wa Kiambi